Mwongozo Kamili wa Kukusanya Sarafu Ndogo za Kale za Fedha: Kukokotoa Madini na Kuusoma Mchoro

Neno fedha katika Kiswahili lina maana mbili, madini meupe yanayong'aa na pesa za matumizi, na sarafu ndogo za zamani ndizo zilizokuwa mambo hayo mawili kwa wakati mmoja. Mtu aliyelipa kwa sarafu ya senti 10 ya Marekani iliyotengenezwa mwaka 1964 au kabla yake katika karne ya 20 alikuwa akikabidhi gramu 2.25 za madini safi, na aliyepokea alijua kwamba anapokea madini. Leo sarafu hizo zinauzwa kwa bei iliyojengwa na mambo matatu, yaani madini yaliyomo, uzuri na hali ya mchoro, na uadimu wa toleo lenyewe. Mkusanyaji mpya hupoteza pesa pale anaposhindwa kuyatenganisha mambo hayo. Ndiyo maana katika mwongozo huu nashikilia utaratibu mmoja: kokotoa madini kwanza, kisha uutazame mchoro. Ukishajua madini yana thamani gani, utajua pia ni kiasi gani cha bei unalipia sanaa na uadimu, na utaweza kuamua kwa utulivu kama sanaa hiyo inastahili.

Hatua ya kwanza: amua unakusanya nini

Kwa sarafu ndogo nakusudia zile za thamani ya chini ambazo kipenyo chake kwa kawaida ni kati ya milimita 16 na 20 hivi. Senti 10 ya Marekani, ambayo Wamarekani huiita dime, ina milimita 17.9, peni tatu ya Uingereza ina milimita 16, nusu faranga ya Uswisi na sentimu 50 ya Ufaransa zina takriban milimita 18 kila moja. Zipo njia tatu za kukusanya. Ya kwanza ni kukusanya kwa aina, yaani sarafu moja nzuri ya kila mchoro. Ya pili ni kukusanya kwa miaka na viwanda, yaani kila mwaka na kila kiwanda cha kufulia sarafu. Ya tatu ni kununua kwa uzito, bila kujali sana mwaka, kama akiba ya madini.

Kwa anayeanza napendekeza kukusanya kwa aina. Sarafu 10 zilizochaguliwa vizuri, kila moja ya mchoro wake, zinafundisha mengi kuliko sarafu 100 za mchoro mmoja zilizochakaa. Isitoshe, njia ya miaka na viwanda ina toleo moja au mawili adimu yanayogharimu kuliko yote mengine yakijumlishwa, na mtu huyagundua akiwa tayari ameshafika katikati ya safari.

Hatua ya pili: andaa vifaa

Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lenzi ya sonara inayokuza mara 10, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, sumaku yenye nguvu, taa moja inayoweza kuelekezwa, na kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu ikikuponyoka isiumie. Mizani ndiyo isiyopaswa kufanyiwa ubahili. Katika sarafu ya gramu 1.41, kosa la sehemu ya kumi ya gramu ni kosa la asilimia 7, na hapo kipimo hakina maana tena.

Hatua ya tatu: kokotoa madini

Hesabu yenyewe ni fupi. Uzito wa sarafu kwa gramu unazidishwa kwa kiwango cha usafi, na jibu ni gramu za fedha safi. Bei ya madini katika soko la dunia hutajwa kwa wakia ya troi, ambayo ni gramu 31.1035. Usiichanganye na wakia ya kawaida ya gramu 28.35, kwa sababu tofauti hiyo ya asilimia 10 hivi imewaingiza wengi hasara. Gawa bei ya wakia kwa 31.1035 upate bei ya gramu moja, kisha zidisha kwa gramu safi zilizomo.

Tuchukue bei ya mfano, kwa ajili ya hesabu tu, ya dola 62.20 kwa wakia, ambayo ni sawa na dola 2 kwa gramu. Dime ya mwaka 1964 au ya kabla yake ina uzito wa gramu 2.5 na usafi wa asilimia 90, kwa hiyo ina gramu 2.25 safi, na madini yake yana thamani ya dola 4.50. Nusu faranga ya Uswisi ya fedha ina gramu 2.5 kwa usafi wa asilimia 83.5, hivyo gramu 2.09. Peni tatu ya Uingereza ya kabla ya mwaka 1920 ina gramu 1.41 kwa usafi wa asilimia 92.5, ambazo ni gramu 1.30 safi, lakini peni tatu ya usafi wa asilimia 50 iliyofuata ina gramu 0.70 tu, ingawa ukubwa wa sarafu haukubadilika.

Sasa ilinganishe dime na shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa kati ya mwaka 1921 na 1946, ile yenye simba mbele ya milima. Shilingi hiyo ina uzito wa gramu 7.78, zaidi ya mara tatu ya dime, na ukiishika kiganjani utadhani ina madini mengi zaidi. Usafi wake, hata hivyo, ni asilimia 25 tu, sehemu kubwa iliyobaki ikiwa shaba, na madini safi yaliyomo ni gramu 1.94. Kisarafu cha Marekani chenye ukubwa wa ukucha kina fedha nyingi kuliko shilingi hiyo nzima. Mfano huu mmoja unatosha kuonyesha kwa nini macho na kiganja havifai kuwa mizani.

Kuna marekebisho mawili ya lazima. Kwanza, sarafu iliyotumika hupoteza uzito. Dola moja ya thamani ya usoni ya dime mpya, yaani sarafu 10, ina wakia 0.7234 za fedha, lakini wafanyabiashara wa Marekani wanaponunua zilizotumika huhesabu wakia 0.715, na hiyo ni desturi ya haki. Ukipewa mfuko wa dime 50, uzito unaotarajiwa ni gramu 125; mizani ikisoma 121, lipia 121. Pili, anayenunua kwa ajili ya kuyeyusha hatakulipa bei kamili ya soko, maana kusafisha madini kuna gharama zake, na jinsi usafi unavyopungua ndivyo gharama hizo zinavyokula sehemu kubwa zaidi ya thamani. Sarafu ya asilimia 25 au 35 hupunguzwa bei zaidi ya ile ya asilimia 90.

Hatua ya nne: jua ni mwaka gani madini yalibadilika

Serikali nyingi zilipunguza au kuondoa fedha katika sarafu ndogo kwa sababu ile ile: bei ya madini ilipopanda hadi kukaribia au kuzidi thamani iliyoandikwa usoni, watu walizificha au kuziyeyusha, na chenji ikakosekana. Marekani ilionja adha hiyo mapema. Mwaka 1853 ilipunguza uzito wa dime kutoka gramu 2.67 hadi 2.49, na ili watu waweze kuzitofautisha iliweka vishale viwili vidogo pembeni mwa tarehe. Mwaka 1873 uzito ukapandishwa kidogo hadi gramu 2.5 na vishale vikarudi. Mkusanyaji anayeona vishale hivyo anasoma sheria ya sarafu iliyochongwa kwenye madini yenyewe.

Badiliko kubwa la Marekani lilikuja kwa sheria ya mwaka 1965, iliyoondoa fedha katika senti 10 na senti 25. Mwaka wa kukumbuka basi ni 1964: dime zilizotolewa kwa matumizi ya kawaida zenye tarehe hiyo au za nyuma yake ni za fedha, na za mwaka 1965 na kuendelea zina tabaka la shaba ndani. Huhitaji hata kusoma tarehe. Tazama ukingo: wa fedha ni mweupe mtupu, na wa baadaye una mstari wa rangi ya shaba.

Senti 5 ya Marekani ni kisa cha kinyume. Kwa kawaida haina fedha kabisa, lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili nikeli ilihitajika kwa ajili ya vita, na kuanzia mwaka 1942 hadi 1945 ilitengenezwa kwa shaba asilimia 56, fedha asilimia 35 na manganizi asilimia 9. Alama yake ni herufi kubwa ya kiwanda iliyowekwa juu ya jengo lililo upande wa nyuma. Sarafu hiyo ya gramu 5 ina gramu 1.75 za fedha safi, na kwa kuwa hugeuka kijivu chenye weusi, wengi huipita bila kuitambua.

Uingereza ilishusha usafi kutoka asilimia 92.5 hadi 50 mwaka 1920, baada ya bei ya fedha kupanda sana, na sarafu za miaka ya mwanzo ya aloi hiyo, yaani mchanganyiko huo wa madini, zinapochakaa huonyesha umanjano usiopendeza. Mwaka 1947 fedha iliondolewa kabisa katika sarafu za matumizi, kwa kuwa nchi ilidaiwa na Marekani fedha iliyokopeshwa wakati wa vita. Uswisi ilishikilia hadi mwaka 1967, na nusu faranga ya mwaka 1968 ya shaba na nikeli ikabeba mchoro ule ule. Hapo mizani inakuokoa: ya fedha ina gramu 2.5, na iliyofuata ina gramu 2.2.

Kwa shilingi ya Afrika Mashariki lipo jambo ambalo mimi hulipenda sana. Sarafu za Mfalme George VI zenye fedha humtaja kuwa pia mfalme mkuu wa India, kwa ufupisho IND:IMP. India ilipata uhuru mwaka 1947, cheo hicho kikaondolewa, na shilingi ya mwaka 1948 ilipotoka bila maneno hayo ilikuwa tayari ni ya shaba na nikeli. Kwa hiyo hata tarehe ikiwa imefutika, maandishi yanayomzunguka mfalme yatakuambia kama unashika fedha.

Hatua ya tano: jifunze kuusoma mchoro

Chukua dime ya Adolph Weinman, iliyotolewa kuanzia mwaka 1916 hadi 1945. Ishike ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, weka taa upande wa kushoto ikiwa chini, halafu uigeuze taratibu chini ya lenzi. Utaona kichwa cha mwanamke anayetazama kushoto, amevaa kofia inayobana nywele, na bawa linachomoza kwenye kofia. Watu wengi walidhani ni Mercury, mungu wa Kirumi, na jina hilo likakwama hadi leo. Lakini huyu ni Uhuru, na mabawa ni ishara ya uhuru wa fikra. Mwanga unapopita kwenye manyoya ya bawa, kila unyoya hutupa kivuli chake chembamba. Nywele zilizo juu ya paji la uso na msokoto unaopita karibu na sikio ndivyo vinavyolika kwanza. Nyuma ya shingo kuna herufi A na W zilizounganishwa, sahihi ya msanii, ambazo bila lenzi ni kama doa tu.

Geuza upande wa nyuma. Utaona furushi la fimbo lililofungwa kwa mikanda pamoja na shoka, ishara ya Kirumi ya nguvu ya umoja, na tawi la mzeituni la amani limelizunguka. Sarafu hii ilizaliwa Ulaya ikiwa vitani, na Weinman aliweka silaha na amani katika duara lisilofikia milimita 18. Sasa tazama mikanda ya katikati. Ikiwa mfereji unaoitenganisha unaonekana wote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kukatika, sarafu ilipigwa kwa nguvu ya kutosha na wakusanyaji huilipia zaidi. Sarafu za Philadelphia za mwaka 1945 zilitengenezwa zaidi ya milioni 159 na zimejaa kila mahali, lakini zenye mikanda iliyotengana kikamilifu ni adimu sana, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa mno. Madini ni yale yale, tarehe ni ile ile, na kilichoongeza thamani ni mfereji mwembamba kuliko unywele.

Karibu na kitako cha furushi, upande wa kushoto, huwekwa herufi ya kiwanda: D ni Denver, S ni San Francisco, na pasipo herufi ni Philadelphia.

Dime iliyofuata, ya John Sinnock, ilianza kutolewa tarehe 30 Januari 1946, siku ya kuzaliwa ya Rais Franklin Roosevelt aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Senti 10 ilichaguliwa kwa sababu Roosevelt alihusika na kampeni ya kuchangisha dime kwa ajili ya kupambana na polio. Nayo ni kazi safi, ingawa kwa maoni yangu haina uhai wa ile ya Weinman.

Kwa Ufaransa, tafuta sentimu 50 ya Oscar Roty, iliyotolewa kati ya mwaka 1897 na 1920. Mwanamke anatembea akipanda mbegu, jua linachomoza nyuma yake, na upepo unapeperusha nywele na vazi lake. Ni vigumu kuamini kwamba mwendo wote huo umeingia katika gramu 2.5. Usafi wake ni asilimia 83.5, sawa na wa Uswisi, na hilo linatokana na mkataba wa mwaka 1865 ambao Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi zilikubaliana viwango vya sarafu zao. Kwa Uingereza, peni tatu ya George Kruger Gray yenye matawi ya mwaloni na mbegu zake ndiyo ninayoiona nzuri kuliko nyingine za karne ya 20.

Hatua ya sita: pima hali na uadimu

Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, ambapo 60 na kuendelea ni sarafu ambayo haikutumika. Kwa kuanzia, jiulize maswali mawili tu. Je, sehemu za juu kabisa za mchoro bado zina umbo? Je, ngozi ya sarafu ni ya asili? Swali la pili lina uzito zaidi ya la kwanza. Sarafu iliyochakaa kwa haki, yenye rangi ya kijivu tulivu, ni bora kuliko iliyong'arishwa ikawa kama kifuniko cha sufuria.

Uadimu haulingani na umri. Dime za Denver za mwaka 1916 ni 264,000 tu, ilhali za Philadelphia za mwaka huo huo ni zaidi ya milioni 22. Ndiyo sababu walaghai hubandika herufi D kwenye sarafu ya Philadelphia. Ichunguze herufi hiyo kwa lenzi. Ikiwa kuna mstari au pengo linaloizunguka mahali inapokutana na uso wa sarafu, iache. Kwa toleo kama hilo nunua iliyothibitishwa na wataalamu pekee.

Hatua ya saba: hakikisha si bandia

Anza na sumaku. Fedha haivutwi, kwa hiyo kinachonasa kitupwe kando, lakini kutonasa si uthibitisho. Fuatisha uzito, kipenyo na unene. Kipimo bora zaidi cha nyumbani ni msongamano: aloi ya asilimia 90 ina takriban gramu 10.3 kwa sentimita moja ya ujazo, na shaba na nikeli ina 8.9. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikiwa imening'inia kwa uzi bila kugusa chini. Namba inayosomeka ni ujazo wake, nawe utagawa uzito kwa namba hiyo.

Kwa sarafu moja ndogo kipimo hiki ni dhaifu, kwa kuwa dime husoma 0.24 tu na kosa la sehemu ya mia linavuruga jibu. Ukiwa nazo kadhaa za aina moja, ning'iniza 10 kwa pamoja katika kijifuko cha wavu, baada ya kuurudisha mizani kwenye sifuri wavu ukiwa tayari majini. Dime 10 mpya husoma takriban 2.43. Bandia 10 zenye uzito huo huo za shaba na nikeli zingesoma 2.81, na tofauti hiyo haiwezi kujificha.

Hatua ya nane: nunua ukiwa na namba mkononi

Kabla ya kwenda mnadani au kwa muuzaji, andika thamani ya madini ya siku hiyo kwa kila aina unayoitafuta. Muuzaji akitaja bei, toa thamani hiyo, na kinachobaki ndicho unacholipia mchoro na uadimu. Ikiwa sarafu ni ya kawaida na imechakaa, kinachobaki kiwe kidogo. Ikiwa ni nzuri kweli, usihofu kulipa. Sarafu za asilimia 25 na 50 ndizo zinazofaa kununuliwa kwa uzuri wa hali yake, kwa kuwa madini yake hayatakusaidia sana bei ikishuka.

Hatua ya tisa: usisafishe, hifadhi

Sarafu yangu ya kwanza niliisugua kwa dawa ya meno hadi ikang'aa. Chini ya lenzi bado inaonyesha maelfu ya mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, na hakuna fundi awezaye kuirudisha ilivyokuwa. Weusi wa fedha ni salfidi, unaotokea madini yanapokutana na salfa iliyo hewani, na utando mwembamba ulio sawasawa huwa ngao na pambo. Usiusugue kwa chochote. Ikiwa kuna gundi au mafuta ya plastiki, asetoni safi huyaondoa bila kudhuru fedha. Iloweke sarafu kwenye chombo cha kioo, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha iache ikauke yenyewe.

Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa ute wa kijani unaoila sarafu, na epuka pia mipira ya kufungia na karatasi za kawaida, kwa kuwa nyingi zina salfa. Tumia vifuko vya poliesta ngumu, uviweke pakavu pamoja na pakiti za jeli ya silika zinazobadilishwa mara kwa mara.

Hatua ya kumi: weka daftari

Kwa kila sarafu andika nchi, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito ulioupima mwenyewe, gramu safi, tarehe ya kununua, bei uliyolipa, na bei ya wakia siku hiyo. Safu hiyo ya mwisho wengi huiacha, nao hujikuta miaka mitano baadaye hawawezi kujua kama sarafu yao imepanda kwa sababu ya mchoro au kwa sababu ya soko la madini. Ongeza mstari mmoja wa maneno kuhusu ulichokiona chini ya lenzi, kwa mfano "unyoya wa tatu wa bawa umelika, mikanda imetengana upande wa kushoto tu". Mstari huo utakusaidia kuitambua sarafu yako miongoni mwa nyingine mia zinazofanana nayo.